Mazoezi ya Jangwa Uani

Jumamosi, tarehe kumi na nne Juni. Asubuhi iliingia bila umande. Upepo mkavu ulikuwa umevuma tangu usiku, ukaacha vumbi jembamba juu ya kila kitu kilichosahauliwa nje: ndoo, kamba ya nguo, ndara za bibi na paa la gari. Jua lilipochungulia juu ya ukuta wa uani, mbingu ilikuwa imeshapauka kama shuka lililofuliwa mno, na hapakuwa na wingu hata la kusingizia.

"Leo ndiyo siku yenyewe," alisema fundi wa viti, amesimama mlangoni na kikombe cha chai mkononi.

"Tunaondoka?" mkewe aliuliza kutoka jikoni. Aliuliza haraka, kisha akajutia haraka yake.

"Tunafanya mazoezi. Jua la namna hii ndilo tulilokuwa tunalingoja."

Ilisikika sufuria ikiwekwa chini kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Safari hiyo ilikuwa imeanza kupangwa tangu Chiriku hajaota meno ya mbele. Sasa Chiriku alikuwa na meno ya kutosha kumng'ata yeyote anayemvisha viatu, anakimbia, anaongea kutwa nzima maneno ambayo nusu yake alikuwa ameyatunga mwenyewe, ndiyo maana wakampa jina la yule ndege, na safari ilikuwa bado iko palepale. Ng'ambo ya jangwa, mwendo wa kutwa nzima kwa gari, kulikuwa na korongo kubwa lenye kuta za mawe mekundu, na kwenye geti la korongo hilo alikaa baba yake mkewe. Mzee huyo alikuwa mlinzi wa geti tangu ujana. Miguu yake ilikuwa imeshagoma, moyo nao ulikuwa unaelekea kugoma, na daktari alikuwa amemkataza kusafiri hata kwenda mjini kunyoa nywele. Mjukuu wake alikuwa hajapata kumtia machoni. Mzee alikuwa na ombi moja tu: aletewe mtoto, abebwe naye kwenye kiti hadi pale kuta mbili za korongo zinapokaribiana, mtoto aite jina lake, na mawe yamwitikie.

Kila Jumamosi mzee alipiga simu, na badala ya salamu alisema, "Mmefika wapi?"

"Bado tuko uani, baba," binti yake alijibu, na wote wakacheka. Mwanzoni walicheka kwelikweli. Siku za karibuni mzee alikuwa anapumzika katikati ya maneno mawili, kama mtu anayepanda ngazi, na kicheko cha binti kilikuwa kinaishia kooni.

Aliyekuwa anaichelewesha safari ni fundi, na kila mtu nyumbani alilijua hilo, yeye mwenyewe akiwa wa mwisho kukiri. Karakana yake ilikuwa banda lililoegemea nyumba: cherehani nzito, meza ya kukatia, marobota ya rekisini, ile ngozi ya bandia ya viti, mifuko ya sponji na harufu ya gundi iliyoingia hadi kwenye mito ya kulalia. Watu walimletea magari yenye viti vilivyochanika kama vimeng'atwa na mbwa, wakayachukua yakiwa yanapendeza kuliko sebule zao. Alikuwa fundi hasa. Kwa hiyo, ilipozungumzwa habari ya kuvuka jangwa na mtoto mdogo, alifanya kile alichokijua. Alichukua chaki, akachora barabara yote juu ya meza ya kukatia, kuanzia uani kwake hadi getini kwa mzee, akaweka alama mahali pa kituo cha mafuta, kisima na mti wa pekee. Kisha akaanza kushona.

Alishona kiti cha mtoto kwa mkono, kina mabega na shingo, na mkanda wenye kifungo cha kubuni mwenyewe: ukibonyeza tu hakifunguki, ukizungusha tu hakifunguki, sharti ubonyeze na kuzungusha kwa pamoja huku umeshikilia ulimi wake chini. Alivalisha milango ya nyuma sponji ili mtoto asijigonge, akaviziba na vitasa vyake vya ndani. Alibandika vioo vyote karatasi nyeusi ya plastiki ya kuzuia jua. Kisha akaota jua limepita, akaamka akabandika ya pili juu ya ile ya kwanza. Nyuma ya kiti aliweka ubao ili mizigo isimrukie mtoto. Na kwa kuwa aliwahi kusikia habari ya mtu aliyepoteza ufunguo mchangani, alichukua ufunguo wa akiba akaushonea ndani ya kiti cha dereva, chini ya rekisini, kwa mshono ambao hata yeye alihitaji kupapasa ili kuuona.

"Mwanangu," mama yake, bibi yake Chiriku, alimwambia siku moja, "gari hili likizidi kupambwa, itabidi tulitafutie mchumba."

"Mama, jangwa si mchezo."

"Najua si mchezo. Ndiyo maana unacheza nalo ukiwa hapa."

Bibi alikuwa na ulimi wa namna hiyo. Lakini alijua kinachomsumbua mwanawe, na kwa hilo hakumtania. Mwaka uliopita, mchana mmoja wa kawaida, Chiriku alipata homa. Fundi alikuwa amempakata, anamvua kiatu, na mara macho ya mtoto yakageuka, mwili ukakakamaa na kuanza kutetemeka. Degedege. Mke alimnyakua, akamlaza ubavu, akamlegeza nguo, akawa anamsemesha taratibu hadi ikapita. Muda wote huo fundi alisimama katikati ya chumba na kiatu kidogo mkononi. Hakufanya lolote. Kliniki waliambiwa kwamba watoto wengi hupatwa na hali hiyo, kwamba wakikua huachana nayo, kwamba cha muhimu ni kutazama homa. Mke alisikia yote. Fundi alisikia neno moja tu, joto, na tangu siku hiyo neno hilo lilikuwa limepanga chumba kichwani mwake na halikutaka kuhama.

Hakuwa mtu asiye na imani. Kila alfajiri alisali, na sala yake ilikuwa ndefu. Alimwomba Mungu amlinde mtoto njiani, amlinde na jua, na vumbi, na kiu, na nyoka, na matairi, na madereva wanaosinzia. Akishasema amina alinyanyuka moja kwa moja kwenda bandani kushika sindano, kama mtu aliyepeleka ombi mlango wa mbele kisha akazunguka nyuma ya nyumba kulishughulikia mwenyewe.

Mkewe alikuwa dereva wa gari la kampuni kubwa ya dobi mjini. Kazi yake ilikuwa kupeleka mashuka hotelini na hospitalini, tangu asubuhi hadi jioni, na hapakuwa na kona ya mji iliyomtisha. Alizaliwa kule kwenye korongo. Jangwa alilivuka mara ya kwanza akiwa mgongoni kwa mama yake. Alikuwa amemwambia mumewe zaidi ya mara moja: tutoke kabla jua halijachomoza, tupumzike mchana pale kwenye kisima, tunywe maji, tufike. Joto la jua si homa. Fundi alimsikiliza, akakubali, kisha akakumbuka kitu kimoja zaidi cha kushona.

Na sasa yalikuwa mazoezi.

"Tunakaa garini kama tuko safarini," alieleza, wakiwa wamesimama uani, gari limeegeshwa juani kwa makusudi. "Kituo kwa kituo. Nataka kuona mtoto anavumilia vipi, na karatasi zinazuia kiasi gani."

"Na mimi nifanye nini?" aliuliza bibi kutoka kwenye kigoda chake, kivulini.

"Wewe ni kituo cha mafuta."

"Basi mafuta yamekwisha. Piteni."

Hata mke akacheka. Labda kwa sababu hiyo alikubali kuingia. Walimfunga Chiriku kwenye kiti chake, naye akafurahi, kwa kuwa kwake kila kupanda gari ni safari, liende lisiende. Fundi akawasha injini na kiyoyozi, akashika usukani. Waliondoka bila kuondoka. Mke alitazama ukuta wa uani kama mtu anayetazama mandhari. "Naona ngamia," alisema. Chiriku akataka ngamia. Ilibidi bibi asimame akatembee mbele ya gari, shingo ameinyoosha, na mtoto akapiga makofi akidai, "Tena. Tena ngamia."

Ilikuwa asubuhi nzuri, ukweli usemwe. Fundi alianza kuhisi kitu kikilegea kifuani. Alidhani labda inawezekana.

"Kisimani," akatangaza, akazima injini. "Hapa tunashuka, tunachukua maji, tunarudi. Sheria ni ile ile: mlango ukifunguliwa, unafungwa papo hapo. Vumbi la jangwani halibishi hodi."

Chiriku alinung'unika alipoona wazazi wanashuka. Fundi, ili anyamaze, akampa ufunguo wa gari aushike. Mtoto alipenda kile kitaa chekundu kilichowaka kila kitufe kikibonyezwa. Mke akashuka, akafunga mlango wake. Fundi akashuka, akafunga wake. Wakaenda nyuma, wakafungua buti, fundi akatoa dumu la maji, na kwa kuwa sheria ilikuwa yake mwenyewe, akalifunga buti papo hapo.

Gari likatoa mlio mfupi. Tik.

Walitazamana.

Mke alikuwa wa kwanza kufika kwenye mlango. Umefungwa. Wa pili, umefungwa. Fundi akazunguka upande wake, akavuta kitasa, akavuta tena kama vile kitasa hakikusikia vizuri mara ya kwanza. Waliweka nyuso kwenye kioo, viganja pembeni mwa macho, wakaona kwa shida katika ule weusi: Chiriku amekaa kwenye kiti chake kama malkia, ufunguo mkononi, anawacheka.

"Bonyeza tena, mama," mke alimwambia kupitia kioo, kwa sauti nyororo. "Bonyeza kitaa, mwanangu. Kitaa chekundu."

Chiriku aliinua ufunguo aone kama mama anautaka. Halafu akafanya lile alilolifanya kwa kila kitu kinachotakiwa na watu wazima. Aliutupa. Walisikia ukigonga, kisha ukiteleza mahali pa chini, katikati ya viti.

"Lete ufunguo wa akiba," alisema mke.

Fundi hakusogea.

"Ufunguo wa akiba uko wapi?"

Alielekeza kidole kwenye gari. "Ndani ya kiti changu," alisema hatimaye. "Nimeushonea."

Mke alimtazama kwa namna ambayo fundi angeikumbuka siku zake zote. Haukuwa mtazamo wa hasira. Ulikuwa wa mtu aliyegundua kwamba hapo alipo yuko peke yake.

"Cheche," aliita bibi, naye alikuwa ameshasimama. "Cheche, njoo na nyundo."

Cheche alikuwa jirani yao, mchomeleaji wa mageti, mtu mwenye mikono iliyojaa alama ndogondogo za moto na mzaha usiokauka. Aliruka ukuta, miwani yake myeusi imeinuliwa kwenye paji la uso. Alipoona gari akaanza, "Leo mnaibiana wenyewe?" kisha akaona nyuso zao, akaishika nyundo sawasawa. Kutoka ndani ya gari kicheko kilikuwa kimekwisha. Chiriku alikuwa ameanza kulia.

"Kioo cha mbele, upande wa abiria," alisema mke. "Kiko mbali naye. Piga."

Cheche alipiga. Kioo kilitoa sauti ya barafu inayopasuka, kikageuka cheupe chote, kikajaa mistari kama utando wa buibui. Hakikuanguka. Akapiga tena. Kiliingia ndani kidogo, kikajipinda, kikarudi. Alikipiga cha dereva, kikafanya vilevile. Nyundo ilikuwa inadunda kama inapiga godoro.

"Umeweka nini kwenye hivi vioo?" aliuliza Cheche, anahema.

"Karatasi," alisema fundi. "Mbili mbili."

Alikuwa amezibandika vizuri. Hapakuwa na pembe iliyonyanyuka, hapakuwa na kiputo cha hewa hata cha ukubwa wa kichwa cha pini. Mwezi mzima aliwaonyesha wateja kazi ile, akiwaambia kwamba hata jiwe likipiga, kioo hakitamwagikia mtoto. Na kweli hakikumwagika.

Jua lilikuwa limepanda juu ya ukuta. Fundi aliweka kiganja kwenye paa la gari akakiondoa. Alirudi kwenye dirisha la nyuma, kwa mtoto, akapiga magoti. Alimwona. Nywele zimeshikana kwenye paji la uso, mikono imenyooshwa kuelekea kwake, vidole vinafumba na kufumbua, kwa maana kwa Chiriku baba ni mtu wa kunyoosha mikono na kubeba, hakuna lingine. Fundi alitaka kuzungumza naye. Alitaka kuimba ule wimbo wa kumwogesha. Sauti haikutoka. Aliijaribu sala. Yeye, mwenye sala ndefu kuliko foleni ya benki, alitafuta maneno akayakosa yote; jua, vumbi, kiu, nyoka, hakuna lililokuja. Lilibaki neno moja, akalisema huku paji la uso limegusa kioo cha moto.

"Fungua. Mola wangu, fungua."

Kisha Chiriku akanyamaza, na hilo lilikuwa baya kuliko kilio.

"Kisu," alisema mke. "Kisu chako cha rekisini. Kiko wapi?"

"Mezani," alisema fundi.

Mke alikuwa ameshakimbia. Alirudi na kile kisu kilichopinda, chenye mpini uliozungushiwa kitambaa, ambacho fundi hakumruhusu mtu yeyote kukigusa. Alikitia kwenye kile kioo cheupe alichokipiga Cheche kwanza, juu kabisa, akakivuta chini kwa nguvu zote za mikono inayobeba magunia ya mashuka. Karatasi ikachanika kwa sauti ndefu. Akakata upande wa pili. Cheche akasukuma kwa kiwiko, na kioo chote kikaingia ndani kama kipande cha zulia. Mke akapitisha mkono, akavuta kitasa, mlango ukafunguka na joto likawapiga usoni kama la tanuri.

Aliingia kwa magoti hadi nyuma. "Kifungo," alipiga kelele. "Kinafungukaje?"

Fundi aliingia kwa mlango huohuo, akajipenyeza kando yake. Alishika kifungo chake. Kubonyeza, kuzungusha, ulimi chini. Alikuwa amekifungua mara mia akiwa amefumba macho, akijionyesha. Sasa vidole vilikuwa vya mtu mwingine. Vilibonyeza, vikasahau kuzungusha. Vilizungusha, ulimi ukateleza. Jasho lilimwingia machoni.

"Ondoa mkono," alisema mke.

Akauondoa. Mke akapitisha kisu chini ya mkanda, ncha ikitazama nje, akaukata kwa mkupuo mmoja. Akamtoa mwanawe.

Walimlaza Chiriku mapajani kwa bibi, kivulini, nguo zote zimevuliwa. Bibi alimpangusa kwa kitambaa chenye maji: kwapa, shingo, nyayo. Mtoto alikuwa mwekundu na mlegevu, macho yamefumba nusu. Mke alimpa maji kwa kijiko, kidogo kidogo, huku amemshika kifundo cha mkono. Cheche alisimama kando, amevua miwani, hajui aweke wapi nyundo. Wote walikuwa wanatazama kitu kimoja: macho yale, kama yatageuka.

Fundi alikuwa amekaa chini mbali nao kidogo, mgongo kwenye tairi. Mkononi alikuwa ameshika kiatu kidogo kilichomdondoka mtoto. Alipogundua kuwa amekishika tena, alikiweka chini polepole, kama kitu kinachoweza kulipuka.

Chiriku alikohoa. Alisukuma kijiko. Akafungua macho akamtazama bibi yake, na kwa sauti iliyokwaruza akasema, "Tena ngamia."

Bibi alianza kucheka, kicheko kikageuka kuwa kitu kingine, akajifuta uso kwa kile kitambaa cha maji. "Ngamia amechoka, mjukuu wangu. Ngamia amezeeka leo."

"Twende kliniki wamtazame," alisema mke. "Cheche, gari lako linatembea?"

"Linatembea kwa matusi, lakini linatembea. Naenda kuliwasha."

Hapo simu ikaita.

Ilikuwa kwenye ukingo wa dirisha la jikoni. Wote waliujua mlio huo, na wote waliijua siku. Mke alisita, kisha akaichukua, akaiweka kwenye sauti kubwa kwa kuwa mikono yake ilikuwa inahitajika kwa mtoto.

"Mmefika wapi?" aliuliza mzee.

Mke alifungua kinywa kusema jawabu la siku zote, likakataa. Akamweleza baba yake. Hakuongeza, hakupunguza: mazoezi, ufunguo, vioo, kisu. Alipomaliza walisikia pumzi ya mzee ikipanda ngazi zake.

"Mtoto anapumua vizuri?"

"Anapumua. Anadai ngamia."

"Basi sikilizeni," alisema mzee. "Msije. Nimekuwa nawasumbua kwa tamaa yangu. Yale mawe yameitikia watu wengi, si lazima yamwitikie na huyu. Mkwe wangu yupo hapo?"

Fundi alinyanyua kichwa. "Nipo, baba."

"Usijilaumu. Ulitaka kumlinda. Mimi nakuachilia, umesikia? Sitauliza tena mmefika wapi."

Fundi alikuwa ameingoja ruhusa hiyo kwa muda mrefu kuliko alivyothubutu kujiambia. Kila mshono aliousukuma ulikuwa unaiomba. Sasa ilikuwa imeletwa hadi miguuni pake, tena kwa upole, na angeweza kusema ahsante baba, na mambo yakaishia hapo. Alimtazama mkewe. Mkewe hakuwa anamtazama. Alikuwa ameinamia simu, midomo ameibana, machozi yanamdondokea mtoto tumboni, na mtoto anayagusa kwa kidole, moja moja, kama vitu vya kuchezea.

Alitazama gari. Lilikaa juani na madirisha yake meupe, kiti kizuri ndani, mkanda umekatwa. Lilikuwa halijatoka uani hata hatua moja, na yote aliyoyaogopa yalikuwa yamelifuata humohumo.

Alijiinua kwa kushika tairi.

"Baba," alisema. "Usikate simu."

"Sikati."

"Nina neno, ila linanishinda."

"Kama linakushinda liseme taratibu," alisema bibi. "Lakini ulitamke. Usilishone."

Cheche alikuwa amerudi, funguo za gari lake mkononi. Alitaka kuondoka kwa adabu, bibi akamwashiria abaki. "Kaa, nawe usikie. Akigeuka kesho, niwe na shahidi mwenye nyundo."

Fundi alikuja hadi kivulini, akachuchumaa mbele ya mkewe na mama yake. Aliweka kiganja kwenye mguu wa Chiriku. Ulikuwa na joto, joto la kawaida la mtoto, au labda zaidi kidogo. Hakuweza kujua, na alielewa kwamba hataweza kujua kamwe. Alipaza sauti ili ifike kwenye simu.

"Tunakwenda kliniki sasa hivi. Wakisema ni mzima, Jumatano kabla ya jua kuchomoza tunatoka. Mama Chiriku ndiye dereva. Njia ni yake, vituo ni vyake, akisema tusimame tunasimama, na mimi sitakuwa na sheria yoyote. Nitaweka vioo vya kawaida na mkanda wa dukani, na sitashona kitu kingine, hata kifungo cha shati. Siwezi kuahidi kwamba hatapata homa. Siwezi kuahidi jua wala barabara, hayo hayajawahi kuwa mikononi mwangu, nami leo nimeyaona kwa macho yangu. Ninachoahidi, mbele ya mama yangu, mbele ya mke wangu, mbele ya Cheche, nawe baba ukinisikia, na Mungu akinisikia, ni hiki: nitakaa kiti cha nyuma, karibu naye, mkono wangu juu yake, njia nzima, hadi getini kwako. Likitokea la kutokea, sitasimama pembeni na kiatu mkononi. Nitakuwepo."